Mdomo Uliokula Betri ya Saumu

Watu wakisikia mie nilikuwa fundi wa umeme wa magari, huniletea redio mbovu. Nimestaafu, nimekaa barazani kwangu hapa mtaa wa Barani, Malindi, goti moja linalia kama mlango wa jela, na bado mtu anakuja na redio ya marehemu babu yake ati, "Fundi, itazame tu." Naitazama. Kutazama ndiko kulikobaki.

Nyinyi vijana mliobaki pale gereji mlinitaka niwawekee maneno ya kazi kabla sijasahau. Haya. Habari za nani alipanda cheo msizingoje, maana pale kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, kushika funguo za kabati, na aliyezishika alizipoteza. Nitawapa mambo ya waya na betri, halafu nitawapa kisa kimoja ambacho mpaka leo kikinijia nasimama katikati ya njia nikajiuliza nilikuwa nakwenda wapi.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na shati jeupe, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Ilipofika adhuhuri maji ya betri yalikuwa yamelitoboa, ungeweza kulivulia dagaa. Fundi wangu, Kahindi, mtu wa Junju, alikuwa mkimya na ana mikono mikubwa, bisibisi ikiwa mkononi mwake ungedhani ni kijiti cha meno. Alinitazama lile shati, hakucheka. Akanipa balbu ndogo ya indiketa iliyolehemewa nyaya mbili, mmoja una koleo la mamba, mwingine una msumari.

"Haya ndiyo macho yako," akanambia. "Umeme huuoni. Na ukiusikia, umeshachelewa."

Halafu akanipa neno ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Akasema betri haifi bure, betri huliwa. Ukiikuta imekwisha usikae kuisikitikia, tafuta mdomo.

Huo mdomo wa kwanza niliutafuta ndani ya buti la gari, kule nyuma kwa mizigo. Kulikuwa na gari la bwana mmoja, kila asubuhi betri imekufa. Kahindi akaniambia ingia ndani ya buti. Nikaingia. Akalifunga. Nikakaa mle nimejikunja kama sambusa, na taa ya buti inaniwakia usoni.

"Fundi! Taa haizimi! Inawaka!"

"Vizuri," akasema huko nje. "Tumeupata mdomo."

Kisha akaenda kunywa chai kwanza. Nyinyi mnacheka, lakini hiyo ndiyo njia ya kujua, na sijaona mita iliyotengenezwa ikaweza kuingia ndani ya buti badala yako.

Basi tukaenda hivyo, pikapu, teksi, malori ya mchanga, mpaka zikaanza kuja gari-nyumba za wazungu. Hizo zilinichanganya akili. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo, kila kitu, mtu anakwenda na nyumba yake kama konokono. Na tivi. Mtu katoka kwao Ulaya, kavuka jangwa lililomaliza ngamia, kafika Malindi, bahari ile pale, halafu anafunga pazia atazame tivi. Mie sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa kwamba akishatazama tivi yake siku mbili tatu gari limesimama, asubuhi akitaka kuondoka injini haisemi hata ng'u.

Sasa sikizeni, hapa ndipo mnapokosea mpaka leo. Gari la namna hiyo lazima liwe na betri ya injini mbali na betri ya nyumba mbali. Hao ni wake wenza. Kila mmoja na chungu chake. Ya injini hutoa nguvu zake zote kwa mpigo, kama mtu apigaye chafya. Ya nyumba hutoa kidogo kidogo mchana kutwa, kama bibi anayehadithia. Katikati unaweka rilei, huyo ndiye mume. Injini ikinguruma anawapelekea wote chakula sawasawa, injini ikizimwa anafunga mlango wa kati, wa nyumba asiende kwa mwenzake kuchota. Rilei ikiganda mlango ukabaki wazi, utaona vita.

Tena waya uwe mnene na uwe mfupi. Ukitumia waya mwembamba kama uzi wa mvuvi, umeme unachokea njiani, ukifika kwenye tivi hauna hata nguvu ya kuwasha kioo. Na kuna inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inveta hula hata kama hujachomeka kitu, kwa hiyo ukimaliza uizime. Ikizidiwa hulia pii pii pii, kisha inakata. Redio, tivi, spika, havili sana hivyo. Mlaji ni kitu cha moto. Birika, pasi, jiko. Kuchomeka kitu cha moto kwenye betri ni kumwalika tembo shamba la mchicha.

Hayo yote nayajua kama jina langu. Ndiyo maana kisa cha Saumu kinanitia haya na kinanichekesha pamoja.

Saumu ni mtoto wa dada yangu. Alimpikia mzungu mmoja na mkewe kwa muda mrefu, na walipoona umri umewafikia wakarudi kwao kwa ndege, gari-nyumba lao wakamwachia. Mtaa mzima ukamwambia uza. Yeye akaja kwangu gereji.

"Mjomba, nataka kulitia kazini."

"Kazi gani, utalala ndani yake?"

"Harusi. Wewe si unajua kupamba kwetu, siku ya kumtoa bi harusi, wanawake watupu, wameshavua mabuibui yao, hakuna mwanamume anayeingia. Lakini muziki unaletwa na wanaume. Wanakaa nje ya ua, nyaya zinapita chini ya makuti, na macho yao yanapita pamoja na nyaya. Mie nitaingia na gari langu mpaka ndani. Naendesha mwenyewe, napiga muziki mwenyewe, na tivi kubwa naitundika ubavuni."

"Na stima ikipotea?"

"Ndiyo nimekuja kwako."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla sijaweka koleo chini. Nikamtilia betri mbili za nyumba, nzito, ukiinyanyua moja unawaona mababu. Inveta nikaiacha ileile ndogo ya wazungu, kwa tivi na spika inatosha na inabaki. Sola juu. Soketi nyuma karibu na kidaraja cha kupandia mlangoni. Tukalijaribu hapa hapa Barani, tangu asubuhi mpaka magharibi linapiga taarabu, kuku wa jirani wakaacha kutaga, na betri bado ina nguvu. Nikasema kazi imekwisha.

Kazi yake ya kwanza ya harusi ikawa Shella, hapa hapa Malindi. Bi harusi anaitwa Zuhura, amelelewa na nyanyake, Bi Mwanakombo, maana mamake yuko Arabuni anafanya kazi za nyumba tangu Zuhura mdogo hajui kujifunga leso. Mama aliomba ruhusa aje harusini, waajiri wakakataa. Basi akajirekodi, anamuombea mwanawe dua, anampa maneno yake, akaituma ile video. Zuhura akamwambia Saumu anataka ionyeshwe kwenye ile tivi kubwa, mbele ya wageni wote, kabla yeye hajakaa jukwaani.

Saumu akamwambia, "Na ikiharibika? Si tunayo kwenye simu?"

Zuhura akasema, "Kwenye simu nimemuona mpaka nimechoka. Leo nataka akae na watu."

Saumu aliponieleza hivyo nilikwenda nikavikaza upya vichwa vya betri, kimoja kimoja.

Siku yenyewe, stima ya Shella nzima ikapotea asubuhi. Jenereta zote zilizokuwa karibu zimeshakwenda kwa watu wengine. Nikafurahi! Nikasema leo ndiyo watajua kazi ya Saumu. Akaliingiza gari ndani ya ua mapema, wakajenga jukwaa mbele yake, wakapanga viti na masufuria, hata kulitoa huwezi tena. Mie nikakaa nje, nyuma ya ua wa makuti, juu ya kreti la soda, kwa wema tu, kama mzazi anayemsindikiza mtoto shule.

Baada ya alasiri wageni wakajaa. Taarabu ikaanza. Nikatikisa kichwa. Ghafla, kimya.

"Mjomba!" Saumu yuko upande wa pili wa makuti. "Imezima!"

"Nini imezima?"

"Yote. Ililia pii pii pii, ikakata."

"Umechomeka nini?"

"Tivi, spika, na zile taa ndogo za jukwaani."

"Basi?"

"Basi."

Nikasikia sauti ya mtu mzima nyuma yake. Bi Mwanakombo huyo. "Mwambie hatujachomeka kitu! Kwani sisi watoto?"

Nikamwambia azime inveta, aipumzishe, aiwashe. Akaiwasha, muziki ukarudi, vigelegele. Nikasema ah, ilikuwa homa ya kwanza. Wimbo haujafika kwenye kiitikio, pii pii pii, kimya.

Nikaanza kuufuata umeme kwa kichwa, maana kwa miguu siwezi. Labda rilei imeganda? Nikarusha taa yangu ya kupimia, ile balbu ya Kahindi, juu ya makuti, ikamwangukia mgeni, nikalaaniwa. Saumu akaipachika kwenye betri.

"Inawaka vipi?"

"Vizuri, nyeupe."

"Nyeupe kabisa? Si ya manjano?"

"Mjomba, nyeupe, inaniumiza macho."

Basi betri nzima. Fyuzi nzima. Vichwa vya betri vimekazwa, nilivikaza mwenyewe. Nikamwambia chomoa kila kitu, chomeka kimoja kimoja. Akachomeka tivi, sawa. Spika, sawa. Taa, sawa. Tukangoja. Sawa. Nikasema Alhamdulillahi. Nilipokaa tu kwenye kreti langu, pii pii pii.

Wallahi nimetengeneza lori lililotumbukia mtoni na kambare ndani ya taa, sikuchanganyikiwa hivyo. Mara inashika, mara inaachia, haina saa, haina sababu. Na hapo nilipo kuna harufu ya udi inanijia juu ya makuti, si huu udi wetu wa dukani, ni udi wenyewe wa Arabuni, mtu anaweza kusamehe madeni. Nikawa navuta pumzi na kuchanganyikiwa kwa raha.

"Washa injini!" nikamwambia Saumu. "Ichaji huku inapiga."

Bi Mwanakombo akadakia. "Moshi? Wageni wangu wamevaa hariri, warudi kwao wananuka dizeli? Fundi gani wewe, unamtibu mgonjwa kupitia ukutani?"

"Bi Mkubwa, si mmenikataza kuingia?"

"Na hukukatazwa kujua kazi."

Wanawake wakacheka, ua mzima. Mimi huku nje nikacheka pia, ningefanya nini.

Halafu nikamsikia Bi Mwanakombo anawaambia wenzake kwa sauti ya chini ya watu wazima, ile inayosikika mpaka Mambrui: "Hii si stima. Hii ni husda. Wamemuona mtoto wa kike na gari, wamelitia jicho. Lifukizeni."

Saumu akanong'ona kwenye makuti, "Mjomba, wanataka kulifukiza gari."

Na mimi, fundi mzima, mwanafunzi wa Kahindi, nikasema, "Wafukize. Mie kwa upande wangu nimefika mwisho."

Wakalifukiza. Pii pii pii.

"Ongezeni!" akasema Bi Mwanakombo.

Wakaongeza. Pii pii pii.

"Mnaona? Jicho lenyewe ni kubwa! Ongezeni!"

Jua likaanza kulala. Saumu akarudi kwenye makuti, safari hii sauti yake imepasuka.

"Mjomba, Zuhura yuko chumbani kashapambwa, amekataa kutoka. Anasema hatoki mpaka mamake afike. Na wageni wa nyuma wameshaanza kuvaa mabuibui yao. Wakiondoka hivi, kesho Malindi nzima itasema gari la Saumu liliharibu harusi ya yatima wa mama aliye hai."

Neno hilo likanichoma. Nikasema, "Niitieni Bi Mwanakombo hapa."

Akaja. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, nakuomba niingie. Nitafumba macho."

"Macho ya mwanamume hayafumbi, hupumzika tu." Akafikiri. "Wanawake wote hawa waanze kuvaa mabuibui, harusi itakwisha kesho. Ni rahisi kumvisha mwanamume mmoja."

Mlango wa ua ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na leso. Ya pili ikafuata, maana ya kwanza Bi Mwanakombo aliiona nyepesi. Nikafunikwa kichwa mpaka magotini, nikafungwa kiunoni kwa kamba ya pazia, nikashikwa mkono. Na nilipokanyaga ndani, wageni wa mbele wakaona mtu kafunikwa gubigubi anaongozwa polepole na nyanya wa bi harusi. Wakafanya kinachofanywa. Vigelegele! Marashi! Mtu akaanza kuimba!

"Nyamazeni, huyo ni fundi!" Saumu akapiga kelele.

Kicheko kilichofuata nadhani makuti mengine yalianguka. Mmoja akasema, "Bi harusi ana ndevu, lakini mwendo anao!" Mwingine, "Bi Mwanakombo, huyu umemtoa kwa mahari gani?" Mie jasho linanitiririka chini ya leso, nasema tu, "Nionyesheni gari, jamani, nionyesheni gari."

Wakanikalisha kwenye kidaraja cha nyuma cha gari. Sioni kitu. Ndipo nikakumbuka jambo, kwamba waya unaobeba mzigo mkubwa hupata joto. Nikamwomba Saumu anishikishe nyaya zinazotoka kwenye inveta. Wa tivi, baridi. Wa spika, baridi. Taa za jukwaani, baridi. Nikapapasa chini ya kidaraja, kwenye ile soketi ya nyuma, nikakuta wa nne, ambao Saumu alipochomoa vya ndani hakuuona.

"Saumu, huu waya wa nani?"

"Upi?"

Huo ulikuwa moto kama chapati. Nikaufuata kwa vidole, unapita nyuma ya gurudumu, unapita chini ya mkeka, unapanda juu ya kigoda, nikafika mwisho nikashika kitu, nikapiga ukelele mpaka watoto wakalia. Kidole changu kimeungua mpaka leo hakina alama za kidole, naweza kuiba benki.

"Hiki nini hiki!"

"Ah," akasema Bi Mwanakombo, ametulia kama hakuna kitu. "Hicho si ndicho chetezo chenyewe."

"Chetezo cha nini?"

"Cha udi. Alikituma mamake Zuhura kwa mkono wa mgeni aliyetoka Arabuni. Hakitaki makaa."

"Bi Mkubwa! Kinatumia stima!"

"Hakitumii stima. Kinatumia udi."

"Na huu waya?"

"Huo ni wa kukiwashia."

Kilikuwa chetezo kikubwa, kwa kukipapasa nilidhani sufuria ya pilau. Ndani yake kina kitu cha moto kama pasi, na kina tabia ya kujizima kikishapata moto wa kutosha, kisha kinajiwasha tena, ndiyo maana mara inashika mara inaachia. Na wao kila muziki ukikatika wanasema husda, wanaongeza udi, wanaipeleka swichi mbele zaidi. Nilikuwa nimekaa nje nauvuta ule mdomo kwa pua yangu mwenyewe, nausifu.

"Kichomoeni," nikasema. "Fukizeni kwa makaa, kama marehemu bibi zenu."

Wakakichomoa. Saumu akapachika taa ya kupimia kwenye betri.

"Inawaka vipi sasa?"

Akainama kuitazama. "Manjano, Mjomba. Kama mtu mwenye safura."

Basi tumeupata mdomo lakini chakula kimeshaliwa. Nikamwambia zima spika, zima taa za jukwaani, acha tivi peke yake, na sauti ya tivi yenyewe, hata ikiwa ndogo. Nikawaambia wanawake, "Itasikika mkinyamaza. Nyinyi mnaweza kunyamaza?"

"Jaribu utuone," akasema mmoja.

Wakamwita Zuhura. Nikasikia hariri inapita mbele yangu, bangili, minong'ono ya mashaallah. Saumu akawasha.

"Asalaam alaykum," ikasema sauti ya mwanamke, nyembamba, ya mbali.

"Waalaykumu salaam!" ua mzima ukaitika, kama kwamba ndio kaingia mlangoni.

Nilitaka nitoke, nimeshamaliza, lakini hakuna aliyenikumbuka, na mtu aliyefungwa kamba ya pazia hatoki mwenyewe. Nikakaa pale kwenye kidaraja, karibu na mlango wa ua, nimejifunika. Mama akamshukuru Bi Mwanakombo kwa malezi. Akawataja majirani, kila anayetajwa anaitika. Kisha akasema, "Na kile chetezo nilichowaletea, natumai kinafanya kazi."

Jamani. Sijapata kusikia watu wakicheka namna ile. Viti vilianguka. Bi Mwanakombo mwenyewe alikuwa ananipiga bega, "Kinafanya kazi, fundi, mwambie kinafanya kazi!" Na mama kule kwenye tivi anaendelea kusema, hana habari, anasema na mwanawe, na hakuna anayesikia. Walipotulia, video imekwisha.

Zuhura akasema, "Amesema nini?"

Nikasikia viti vilivyoanguka vinasimamishwa.

"Alikuwa ananambia mimi. Amesema nini? Mrudishe."

Saumu akaja karibu yangu. "Mjomba, betri itatosha?"

Mie nilihisi kwa hesabu zangu ile betri imekwisha zamani, hata ile mara ya kwanza sikujua ilipata wapi. Betri ikipunguziwa mzigo hurudisha roho kidogo, hilo nalijua. Lakini kiasi hicho? Nikamwambia ukweli. "Sijui, mwanangu. Usianzie mwanzo. Anzia kwenye chetezo."

Akaanzia hapo. Safari hii nadhani hata mbu walinyamaza. Inveta ikawa inalia pii pii kwa mbali, inaomba ruhusa ya kufa.

"Zuhura mwanangu, usinililie," mama akasema. "Mimi nipo hapo. Wanijua, kwenye harusi za watu sipendi kukaa mbele. Nimekaa nyuma, karibu na mlango, nimejifunika leso yangu. Ukinitafuta, geuka nyuma utaniona."

Na hapo, tap. Ikakata.

Nikangoja kelele. Nikangoja mtu aseme husda, mtu alie, mtu anitukane. Hakuna. Nikajiuliza nimefanya nini tena. Saumu aliniambia baadaye: wote waligeuka nyuma, na nyuma karibu na mlango hapakuwa na mtu ila mimi.

Mie sikuona. Nilisikia hariri inakuja, bangili zinakuja, zikasimama mbele yangu. Nikanyunyiziwa marashi kichwani, juu ya leso, taratibu, mara moja, mara mbili. Kitu chepesi kikawekwa mapajani mwangu, nikakipapasa kwa kidole kisichoungua: kikuba cha asumini, kile kishada cha maua wanachopewa kina mama wa bi harusi. Nilitaka kusema, mwanangu, mie ni fundi tu. Nikaivuta leso nikajifunika vizuri.

"Mama ameshakaa," Zuhura akawaambia watu. "Endeleeni."

Wakatoa pembe zao za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, wakazigonga, na vugo halitaki betri.

Bi Mwanakombo alinitoa nje mwenyewe, akanifungua kamba, leso akaniambia nenda nazo. Nikarudi Barani kwa miguu, kidole kinapiga ngoma, sielewi nicheke au nifanye nini. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akanitazama leso mbili za kike begani, akanusa marashi, akaona kikuba cha asumini mkononi.

"Umetoka wapi, wewe mzee?"

"Kazini," nikamwambia.